Mke wa Kuazima

Sindano ile ilikuwa ya kaka yangu, lakini ilichomwa kwenye tako langu. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akanionea huruma kwa sababu isiyo yake. Dawa nzito kama uji uliolala, Sista Mbewe anaisukuma polepole huku akiniambia nilegeze mguu, na pembeni Lyson anaangalia ukuta kwa adabu, kama mume anayeona haya. Hakuwa mume wangu. Mume mmoja alinitosha, yule aliyekwenda Johannesburg kutafuta maisha akayapata, akasahau kurudi, na nilipochoka kumngoja niliapa kwamba nyumbani mwangu havitaingia tena viatu vya mwanamume.

Ilikuwa hivi. Lyson alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo Nakatawa, tena mwimbishaji wa kwaya. Alitokwa na vipele viganjani na kwenye nyayo, akaenda hospitali ya misheni, akapimwa, akaambiwa ni kaswende. Daktari pale ni Kachingwe, mtu mpole, msomi, mikono safi. Lakini alikuwa na utaratibu wake, na kila mtu aliujua: mwenye ugonjwa ule hachomwi peke yake.

"Nikikutibu wewe tu, utarudi," alimwambia. "Mlete mkeo niwachome wote siku moja."

Ni utaratibu wa busara kwa mtu mwenye mke. Lyson alirudi nyumbani na vipele vyake, na aliyekuja kwangu jioni ile hakuwa yeye bali kaka yangu Wisiki.

"Ene, nina ombi. Lakini usicheke."

"Ukianza hivyo, nimeshaanza kucheka."

"Uwe mke wa Lyson. Asubuhi moja tu."

Nikacheka kweli, mpaka nikamwona kafumba viganja vyake. Nikamwambia afumbue. Vipele vilikuwa vilevile.

Mambo yao niliyajua siku nyingi. Wisiki alikuwa fundi cherehani, alishonea barazani kwa Mhindi, na Lyson alikuwa akimletea majoho ya kwaya yarekebishwe. Majoho yale hayakuwa na tatizo lolote. Nadhani hakuna kwaya Malawi nzima ambayo majoho yake yameshonwa mara nyingi kama ya Nakatawa. Mimi sikuwahi kuwaombea wala kuwalaani. Nilijua, wao wakajua kwamba najua, tukakaa tukala nsima, ugali wetu, na dagaa wa usipa, na habari ikaishia hapo. Huko nje kuna jela ya miaka mingi kwa watu kama wao, na kabla ya jela kuna majirani.

"Na wewe je?" nikamuuliza. "Nawe si unaumwa?"

"Mimi nitanunua vidonge sokoni."

"Vidonge gani vya sokoni? Nenda ukachomwe sindano!"

"Niende na nani, Ene? Nikupeleke wewe?"

Mwanamke mmoja tu ndiye aliyeweza kuaminiwa na siri ile, na ndiye huyo huyo asiyeweza kuwa mke wa Wisiki hata kwa kuazima. Tuna pua moja sisi, pua ya mama yetu, ukituona tu unajua. Na mwanamke mwingine yeyote tungempa kisu cha kutuchinjia.

Basi nikavaa kitenge changu cha heshima nikaenda kuwa mke wa Mwalimu Lyson. Tulikaa benchini tukimsikiliza Sista Mbewe akitoa mahubiri yake ya asubuhi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua!" alisema akinyoosha kidole, na wagonjwa wote wakaitikia kama kanisani. Ndani, Daktari Kachingwe aliuliza tumeoana lini. Lyson akasema Pasaka, mimi nikasema Krismasi. Tukacheka cheko la uongo. Nikapimwa, na damu yangu ikatoka safi.

"Mama hana kitu," daktari alisema. Akanitazama, akamtazama Lyson, kisha akatazama dirishani. "Tutamchoma hata hivyo. Ndio utaratibu."

Lyson akapona. Wisiki akameza vidonge vyake vya rangi mbili, vipele vikakauka, naye akajigamba kwamba sokoni kuna madaktari wazuri kuliko misheni. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa ndefu. Mvua zilipokwisha, Lyson akaumwa tena, na ingekuwa ajabu asiumwe, kwa kuwa mwenye sindano ya pili hakuchomwa. Tukarudi benchini. Safari hii Sista Mbewe hakungoja mlango ufungwe.

"Mama, mumeo ni mwalimu, anaimbisha kwaya, hana muda wa kuhangaika. Wewe huko sokoni unagawa kwa nani?"

"Sista, mimi..."

"Damu yako safi, eti! Safi leo! Wanawake wa mitumba nyie tunawajua. Lala hapo."

Nikalala. Nikachomwa. Lyson akanong'ona "Nisamehe, Ene," na Sista akamjibu kwa niaba yangu, "Usimuombe msamaha, yeye ndiye akuombe." Wiki haikwisha, maneno yalikuwa yamefika kisimani, kwamba nimeolewa na Mwalimu kimyakimya na tayari namletea maradhi. Kwenye umoja wa akina mama wa kanisa nikaambiwa nipumzike kwanza, nitubu, sare nisiivae. Mtu kuonewa kunauma. Kuonewa ukiwa huwezi kufungua mdomo kunakugeuza chizi. Nilikuwa nikipanga viatu vyangu vya mitumba sokoni huku nasema peke yangu, wateja wananishangaa.

Hasira zile nikazipeleka kwa mwenyewe. Nikaenda barazani mchana wa jua kali nimejiandaa kumtukana Wisiki tusi ambalo hata mama yetu angelisikia kaburini. Nikamkuta ameinamia suruali ya mtu, mfuko wa nyuma ameushona mguuni, chini ya goti. Kidole kinatoka damu.

"Ene? Ni wewe? Mbona leo kuna ukungu hivi?"

Hakukuwa na ukungu. Nikamnyang'anya ile suruali, nikamfunga kidole.

Nilimpeleka kwa mtaalamu wa macho mjini Zomba. Kijana nadhifu, akammulika tochi, akauliza, "Una mke?" Wisiki akasema hana. "Umeokoka?" Akasema anasali. "Basi tumeondoa mengi," yule kijana akasema kwa furaha, akatupa dawa ya matone. Hakuuliza kingine. Kwake yeye mtu asiye na mke hawezi kuwa na ugonjwa wa wenye wake. Tukaenda nyumbani na matone yetu, na jicho la kushoto likazimika polepole, mpaka siku moja nikapunga mkono upande ule na Wisiki hakugeuka, na la kulia nalo likawa limeanza kufifia.

Nikamwambia, sasa basi, twende kwa Kachingwe, tumwambie ukweli. Akanishika kitenge.

"Usithubutu. Akijua yeye, atajua Sista. Akijua Sista, imejua wilaya. Lyson atafukuzwa kazi, tutafungwa. Heri niwe kipofu nyumbani kuliko kuona ukuta wa jela."

"Utashona nini ukiwa kipofu?"

"Nitakaa."

"Utakaa ule nini?"

"Utanilisha wewe. Ahidi, Ene. Ahidi hutamwambia."

Nikaahidi, kisha nikaenda kumwambia. Kama kuna dhambi hapo, naibeba.

Nilikaa foleni ya kawaida, na zamu yangu ilipofika niliingia peke yangu. Daktari Kachingwe akainua uso.

"Mama Mwalimu. Mume yuko wapi?"

"Daktari, ile dawa uliyonichoma mara mbili ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe sasa haoni."

Akaweka kalamu chini. Akainuka, akafunga mlango, akaenda akafunga na dirisha, na joto lilivyokuwa siku ile.

"Ni nani?"

"Wisiki. Kaka yangu. Fundi."

Akakaa. Nilingoja ashtuke. Nilikuwa nimejiandaa kwa mshtuko, kwa mahubiri, hata kwa polisi. Hakushtuka. Akafuta uso wake kwa kiganja, akaniuliza jicho gani lilianza, lini, kichwa kinamuuma, anasikia vizuri masikioni. Maswali ya mtu anayejua anachotafuta. Ndipo nikaelewa.

"Ulijua," nikasema.

"Sikujua ni nani."

"Lakini ulijua."

"Tangu siku ya kwanza. Damu yako safi. Mmekaa benchini kama watu wanaosubiri mabasi mawili." Alikuwa akiongea na meza. "Nilisema moyoni, nisipouliza, nawalinda. Swali likiulizwa humu ndani, kuta zina masikio. Hospitali ni ya kanisa, mama. Mwenzangu mmoja aliwahi kuwatibu watu wa namna hiyo waziwazi, akahamishwa, kisha akafukuzwa. Mimi nina watoto watatu."

"Na kaka yangu alikuwa na macho mawili."

Akaisogeza ile kalamu mezani.

"Ulinichoma mimi dawa nisiyoihitaji," nikasema, na sauti ikaanza kunipanda, "ukaniacha nitukanwe na Sista mbele ya watu. Ulikuwa umekaa hapo hapo! Neno moja tu. Ungemwambia Lyson, mwalimu, aliyelala nawe ndiye ninayemtaka, awe nani awe nani, mlango wa nyuma uko wazi. Ungekufa?"

"Hapana."

"Basi hukutulinda sisi. Ulijilinda."

"Ndiyo, mama."

Nilitaka abishe. Mtu akikubali kosa upesi hivyo, hasira inakosa pa kukaa, inabaki ndani inakuunguza wewe. Akasema, "Mlete leo. Usitafute mtu wa kumsindikiza, usitunge chochote. Mlete yeye tu."

Wisiki alilia nilipomwambia kwamba nimevunja ahadi. Hakunisemesha njia nzima, mimi nikimwongoza kwa fimbo kama mzee. Lakini alikuja.

Daktari alimmulika, akampima damu kwa mkono wake mwenyewe, akatuambia bila kuzunguka. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia linaweza kuokolewa, ila kwa dawa ya mshipani, mchana na usiku, kwa wiki mbili, kitandani pale pale, bila kuruka. "Akitoka hapa kabla dawa haijaisha," alisema, "na la kulia litalifuata la kushoto." Kwa manesi alisema tu ni maradhi ya macho. Nikaona anajitahidi. Kama mtu anayezima nyumba iliyokwisha kuungua, lakini maji ni maji.

Kwetu mgonjwa hulazwa pamoja na mtu wake. Hospitali inatoa kitanda na dawa. Uji, maji ya kuoga, kufua, ni juu ya mtu wake. Mimi ni dada, siwezi kumwogesha kaka yangu wodi ya wanaume. Mjomba yuko kijijini. Nikakaa nawaza, na Sista Mbewe ndiye aliyelimaliza jambo hilo.

"Si una mume wewe? Mwalimu hawezi kumuuguza shemeji yake?"

Nikamwangalia nione kama ananitega. Hakuwa akinitega. Kwake dunia ilikuwa rahisi hivyo.

Basi Lyson akaja. Alikuja kila siku baada ya shule, na Sista Mbewe alimfungulia mlango mwenyewe: "Pita, shemeji wa watu." Alimwogesha Wisiki nyuma ya pazia, akamnyoa ndevu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akimmegea matonge ya nsima na kumtia mkononi, maana Wisiki alikuwa na mrija kwenye mkono mmoja na huo mwingine haukujua sahani ilipo. Wodi nzima ikawasifu. Mzee mmoja wa kitanda cha jirani, aliyevunjika nyonga, akasema angekuwa na shemeji kama huyo asingetamani mke. Wakacheka wote, na Wisiki akacheka zaidi yao. Sikuwahi kuwaona wawili hao wamekaa pamoja mbele za watu mchana kweupe. Niwe mkweli, niliwaonea wivu. Na jicho la kulia likaanza kurudi. Siku moja akaniambia kitenge changu kina njano, na kilikuwa na njano.

Wiki ya pili ilikuwa imeanza tu Mjomba Sitolo alipotokea. Ni kaka wa marehemu mama, na kwetu watoto ni wa mjomba, kwa hiyo ndiye mwenye sisi. Alikuja na baiskeli na koti lake la mazishi, na alikuwa amesikia mambo mawili: kwamba mpwa wake amepofuka, na kwamba mpwa wake wa kike ana mume aliyeugua naye ugonjwa wa aibu. Aliingia wakati Lyson anamfuta Wisiki mchuzi kidevuni.

Akasimama miguuni pa kitanda bila kusalimia.

"Huyu ni nani?"

Sista Mbewe akawahi. "Karibu, baba. Ni shemeji wa mgonjwa, mume wa Enelesi."

"Enelesi hana mume. Mume ambaye kuku wake sijala, nkhoswe wake, mdhamini wa ndoa, sijakaa naye mkekani, huyo si mume, ni mpita njia." Akamgeukia Wisiki. "Nakuuliza wewe. Kama si mume wa dada yako, huyu ni nani yako, anayekulisha na kukupangusa kama mtoto?"

Yule mzee wa nyonga akajiinua kwa kiwiko. "Hata mimi nilikuwa najiuliza," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayezungumzia mvua.

Lyson aliondoa mkono. Wisiki akageuza uso ukutani. Nikaitazama chupa ya dawa inavyodondoka tone kwa tone, na mawazo yangu yote yakawa hapo. Wakijua, atatolewa kitandani leo. Akitolewa leo, dawa haijaisha. Kila kingine, uhuru wangu, kiapo changu, nyumba yangu isiyo na viatu vya mtu, niliviona vimekaa upande mmoja, na upande wa pili jicho moja.

"Ni mume wangu, mjomba," nikasema.

"Bila nkhoswe?"

"Tuliogopa kukwambia."

Hakuridhika. Daktari Kachingwe alikuwa ameingia na kusimama mlangoni, amesikia yote. Mjomba akaliona lile koti jeupe. "Daktari, wewe ni mtu wa kanisa, husemi uongo. Hawa ni mume na mke?"

Mtu huyu nilimtukana kwa sababu alinyamaza. Najua alikuwa anawaza watoto wake watatu, na labda safari hii alimuwaza na Wisiki.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Niliwatibu pamoja."

Siri yangu ya ugonjwa, ambayo haikuwa hata yangu, ilitolewa pale mbele ya vitanda vyote, na nilimshukuru.

Uso wa Mjomba ukalegea. Akavua kofia. Hata akacheka. "Watoto wa siku hizi! Basi tusiseme tutakutana lini. Nkhoswe wa mwanamke ni kaka yake, na kaka yake huyu hapa, hakimbii." Akamshika Wisiki mguu juu ya shuka. "Mwana wa dada yangu. Unamkubali mtu huyu kwa Enelesi? Ukikubali, wakigombana utawapatanisha wewe. Akimwacha, utamrudisha kwake wewe."

Wisiki aligeuka kutoka ukutani. Akamtafuta Lyson kwa lile jicho moja, likatua kidogo pembeni yake.

"Namkubali," akasema.

Wanawake waliokuwa dirishani wakiuguza wakapiga vigelegele. Sista Mbewe akanikumbatia, akaniambia Mungu husamehe, sasa nitavaa sare yangu. Mjomba akatangaza kwamba baada ya mavuno ataleta wazee, na mwakani anataka mjukuu, jina analo tayari.

Kisha akamtazama Lyson pale alipokaa, akakunja uso.

"Na wewe bwana, toka hapo. Huyo si shemeji wa kuchezea tena, ni nkhoswe wako. Mkwe hakai kitandani kwa nkhoswe, wala hamtii mkono sahanini. Mimi nimeshafika, nitamuuguza mwenyewe. Nenda ukakae na mkeo."

Lyson akainuka. Akaja akakaa benchini kando yangu, magoti yamebanana, ananukia sabuni aliyomwogeshea Wisiki. Mjomba akavuta kiti, akaanza kutafuta kiko chake mfukoni. Kwenye kitanda Wisiki akanyoosha mkono kuitafuta sahani. Akaipapasa, akamega tonge, likamponyoka likaangukia kifuani. Akalitafuta huko shukani, hakulipata.

Lyson akataka kuinuka. Nikamshika mkono, nikamkalisha, maana Mjomba alikuwa anatutazama.